Siri ya Mtungi na Kata Yake: Zabuni Zinazopimwa Bila Kufunguliwa

Wakubwa wangu, shikamooni. Ndugu maafisa ununuzi, wakandarasi, wagavi, na nyinyi vijana wa vyuo mliokaa kule nyuma, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie kriptografia, yaani hesabu za kutunza siri, na blokicheni katika tathmini ya zabuni, lakini naomba mniruhusu nianze na gundi.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, karani wa kuandika kumbukumbu siku za ufunguzi wa zabuni katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Sanduku lilikuwa la chuma, rangi ya kijivu, na tundu jembamba juu la kupitisha bahasha. Ubavuni lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake walishika watu watatu wa idara tofauti. Saa nne kamili asubuhi kufuli zikafunguliwa mbele ya wazabuni, bahasha zikamwagwa mezani, nami nikaanza kuzipanga na kuzipa namba. Bahasha ya nne ilininata kidoleni. Ukingo wake ulikuwa na gundi mbichi. Mhuri wa mapokezi ulionyesha kuwa iliingia siku tano nyuma.

Ilipofika zamu yake kusomwa, bei yake ilikuwa pungufu ya bei ya mshindani wa karibu kwa shilingi elfu kumi na tano tu, katika kazi ya mamilioni. Nikaandika jina, nikaandika bei. Gundi sikuiandika. Nilimwangalia mwenyekiti, naye akaniangalia, nikainamisha kichwa na kuendelea na bahasha ya tano.

Yule mshindani wa karibu alikuwa mama mmoja, fundi wa sare za shule, mwenye vyerehani sita. Alinifuata koridoni baada ya kikao, wala hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, bei yangu waliijuaje?"

Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na kwa kweli ndilo lililonirudisha darasani kusoma hesabu za siri. Yote nitakayoyasema leo ni jibu langu kwa yule mama.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye zabuni ya karatasi, kata ni yule mwenye ufunguo wa sanduku, au karani wa masjala anayebaki ofisini saa za jioni. Tumeyahama makaratasi, na ni jambo la kushukuru. Hapa Tanzania, tangu 2023 tumekuwa na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo huo imeweka ununuzi wa kielektroniki kuwa ndiyo njia ya kawaida. Msongamano wa bahasha umepungua, safari za usiku za kuwahi saa nne asubuhi zimepungua. Lakini kwa mfumo wowote wa kompyuta, wa nchi yoyote, swali la yule mama halifutiki. Linabadilika sura tu: nani anashika ufunguo wa seva? Pale ambapo zabuni zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuzisimbua uko mahali pamoja, yupo mtu mmoja, au wawili, wanaoweza kuingia kwenye kanzidata na kusoma. Mtungi umebadilishwa, umekuwa wa kisasa. Kata iko pale pale.

Ninachotaka mkitoke nacho hapa ni hiki: inawezekana kuzipima zabuni, kumpata mshindi, na kumpa kila mwananchi njia ya kuhakiki kwamba kapatikana kwa haki, bila mtu yeyote, narudia, bila mtu yeyote kuziona bei za walioshindwa. Hesabu hizi zina umri wa zaidi ya miaka arobaini. Kilichokosekana ni sisi kuzidai.

Sasa tufanye zoezi. Naomba watu watatu waje mbele, na wengine watatu wawe makarani.

(Hapo walikuja seremala, muuza vifaa vya ofisi na mwenye karakana ya kuchomelea. Makarani walikuwa vijana watatu wa chuo, nikawakalisha kwenye kona tatu za ukumbi.)

Tunanunua madawati. Kila mzabuni ana bei yake ya dawati moja, kwa maelfu ya shilingi. Tuseme seremala ana 92, wa pili ana 85, wa tatu ana 96. Makarani hawazijui. Kila mzabuni aivunje bei yake vipande vitatu kwa kanuni hii: vipande viwili abuni namba yoyote ile chini ya elfu moja, cha tatu akipange ili jumla irudi kwenye bei yake. Jumla ikivuka elfu, tupeni ile elfu, kama saa inavyovuka kumi na mbili ikarudi moja. Seremala kaandika 417, 650 na 25. Jumla ni 1,092. Ukitupa elfu, inabaki 92. Wa pili kaandika 803, 111 na 171. Wa tatu kaandika 240, 9 na 847. Haya, kila mmoja ampelekee kila karani kikaratasi kimoja.

Karani wa kwanza mkononi ana 417, 803 na 240. Kijana, unajua bei ya seremala ni ngapi? Hajui. Hana hata pa kuanzia kubuni, maana ile 417 ilitoka hewani. Namwomba ajumlishe: 1,460, tupa elfu, 460. Karani wa pili ana 770. Wa tatu ana 1,043, yaani 43. Sasa watutangazie hizo jumla zao, nasi tuzijumlishe: 460, 770 na 43 ni 1,273, tupa elfu, 273. Gawanya kwa watatu: wastani ni 91. Chukueni kalamu, jumlisheni 92, 85 na 96, muone kama si 273.

Tumepata wastani wa soko la madawati, na hakuna karani aliyeona bei hata moja. Maafisa wa tathmini mnaujua umuhimu wa wastani: ndio mnaoutumia kuitilia shaka bei iliyoshuka kupita kiasi. Ili siri ivuje, makarani wote watatu lazima wale njama pamoja. Mmoja akigoma kuhongwa, wenzake wawili wameshika namba zisizo na maana.

Kupata jumla ni kazi nyepesi. Kupata bei ya chini kabisa ni kazi nzito zaidi, kwa sababu kulinganisha namba mbili zilizovunjwavunjwa kunawalazimu makarani wapelekeane ujumbe mara nyingi, tarakimu baada ya tarakimu, kila mara kwa vipande. Lakini inafanyika. Mtaalamu wa kompyuta Andrew Yao aliliweka tatizo hilo mezani mwaka 1982 kwa mfano wa matajiri wawili wanaotaka kujua nani ana mali zaidi bila kutajiana mali zao. Katika miaka iliyofuata ilithibitishwa kwamba hesabu yoyote inayoweza kufanywa na kompyuta inaweza kufanywa hivi, kwa vipande. Kwa hiyo hata fomula ya kuchanganya alama za ubora na alama za bei, ile mnayoitumia kwa washauri elekezi, inapitika.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba haya ni ya ubaoni. Basi twende Denmark, Januari 2008. Wakulima wa viazisukari walikuwa na jambo zito. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepunguza msaada wake kwa sukari, kwa hiyo mikataba ya tani ngapi kila mkulima apeleke kiwandani ilibidi ihame, kutoka kwa wale ambao kilimo hicho hakikuwalipa tena kwenda kwa wale waliokimudu. Mnunuzi nchi nzima alikuwa mmoja, kampuni ya Danisco. Njia ya haki ilikuwa mnada, kila mkulima akitaja, kwa kila bei inayowezekana, angenunua au angeuza tani ngapi.

Fikirini orodha hiyo ni kitu gani. Ukiisoma umemsoma mkulima mpaka ndani: gharama zake, shida zake, na kiwango ambacho akibanwa hapo atakubali tu. Kumpa Danisco orodha hiyo ni kumpa silaha ya kukubania bei mwakani. Wakipe chama chao wenyewe cha wakulima? Chama hicho kilikuwa kimeshika mikataba ya baadhi yao kama dhamana ya madeni. Waajiri kampuni ya ukaguzi ya kuaminika? Gharama. Wataalamu wa hesabu wakawapa njia ya vikaratasi vitatu. Kipande kimoja kilikwenda kwenye mashine ya Danisco, kimoja kwenye mashine ya chama cha wakulima, kimoja kwa mradi wa watafiti. Wakulima wapatao 1,200 walishiriki, bei zilizoulizwa zilikuwa ngazi zipatazo 4,000, na siku ya hesabu mashine zile tatu zilitumia kama nusu saa. Bei ya soko ikapatikana, haki za tani zipatazo 25,000 zikabadilisha mikono, na orodha ya kila mkulima ikabaki kuwa yake.

Kwetu, msimu wa 2007/08 ndio mfumo wa stakabadhi ghalani ulipokuwa ukianza kwenye korosho kule Mtwara. Huwa nawaza: mkulima wa Newala na mkulima wa Denmark, msimu mmoja, kila mmoja na mnada wake, kila mmoja na hofu yake ya kupunjwa. Tofauti ni kwamba kule mtu wa hesabu alialikwa mezani mapema.

Mtaona pia kwamba kwenye mnada huo sijataja blokicheni. Waraka wa Satoshi Nakamoto wa sarafu ya Bitcoin, ulioileta blokicheni, ulitoka tarehe 31 Oktoba 2008, miezi tisa baada ya mnada ule. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu siku hizi anakuja mfanyabiashara wa programu, anasema "tumeweka zabuni kwenye blokicheni, sasa ni salama", na watu wanapiga makofi. Blokicheni haifichi kitu. Blokicheni ni ubao wa matangazo ambao hakuna mwenye kifutio. Kila bloki, yaani kila ukurasa wa ubao huo, imebeba alama ya bloki iliyotangulia, nakala ziko kwa watu wengi, na ukitaka kubadili neno la juzi itabidi ubadili nakala za wote mchana kweupe. Ni uwazi mtupu. Ukibandika bei yako pale, umeitangaza.

Basi kwa nini tuuhitaji ubao huo? Kwa ajili ya gundi. Siku ile ningekuwa na ubao ambao kila bahasha imebandikwa alama yake dakika ilipoingia, mtu asingeweza kuifungua, kubadili bei na kuibandika upya, maana alama ingemkana.

Alama yenyewe tunaiita heshi. Ni kinu: unatia waraka wowote, hata wa kurasa mia nne, unatoka unga wa herufi na tarakimu 64 kwa kipimo kinachoitwa SHA-256. Unga haurudi kuwa mahindi. Na ukibadili nukta moja kwenye waraka, unatoka unga mwingine kabisa. Lakini hapa naomba vijana wa kompyuta mnisikilize, kwa sababu nimeona kosa hili kwenye miradi ya watu makini. Ukitia kinuni bei peke yake, hujaficha kitu. Kama kila mtu anajua kazi hii ni kati ya milioni 80 na milioni 120, bei zinazowezekana kwa shilingi kamili ni milioni 40 tu. Kompyuta ya mkononi inazisaga zote, moja baada ya nyingine, na kulinganisha na heshi yako, kabla chai haijapoa. Ndiyo maana tunatia chumvi: namba ndefu ya bahati nasibu, inayojulikana na mzabuni tu, inayosagwa pamoja na bei. Heshi isiyo na chumvi ni bahasha ya nailoni.

Ipo bahasha nzuri zaidi, ya hesabu na si ya karatasi, na mimi naipenda kuliko zote. Torben Pedersen, naye ni wa Denmark, aliieleza mwaka 1991. Ina tabia mbili. Ya kwanza, inafunga: ukishaitoa huwezi kusema baadaye kwamba ulikuwa na bei nyingine. Ya pili, inaficha, na inaficha hasa, kiasi kwamba hata kompyuta yenye nguvu zisizo na mwisho haiwezi kusema ndani mna nini. Hilo ni muhimu kwetu kwa sababu ubao haufutiki. Siri ya kawaida iliyosimbwa leo na kubandikwa hadharani itakuwa bado imebandikwa miaka thelathini ijayo, mashine zikiwa nyingine. Kwa hiyo msibandike bei zilizosimbwa ubaoni hata mkiambiwa usimbaji ni imara namna gani. Bandikeni bahasha za Pedersen, na vipande vya bei vikae kwa makarani.

Tena bahasha hizi zinawekeka mizanini zikiwa zimefungwa. Ukichukua ya aliyeshindwa ukatoa ya mshindi, unapata bahasha mpya ambayo ndani yake mna tofauti ya bei zao. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba tofauti hiyo si hasi, basi, bila kusema ni ngapi.

Mtu atauliza, unathibitishaje kitu usichokionyesha? Bibi yangu alikuwa haoni. Nilimwambia siku moja, bibi, hizi kanga mbili ni za rangi tofauti. Akazipapasa: pamba ile ile, upindo ule ule. Akasema, utanithibitishiaje? Nikamwambia, nionyeshe moja, kisha zifiche zote mgongoni, ukitaka zibadilishe, usipotaka usibadilishe, halafu unionyeshe tena, nami nitasema kama umebadilisha. Mara ya kwanza nikapatia. Angeweza kusema nimebahatisha. Mara ishirini mfululizo? Uwezekano wa kubahatisha mara ishirini ni chini ya mmoja kati ya milioni. Bibi akaamini kuwa ni tofauti, na mpaka leo hakuambiwa ipi nyekundu ipi kijani. Huo ndio uthibitisho usiofichua. Goldwasser, Micali na Rackoff waliuwekea misingi ya kihesabu mwaka 1985. Uthibitisho wa kwamba namba iliyofungwa si hasi umekuwa mdogo sana siku hizi: kwa mbinu moja iliyochapishwa 2018 unachukua takribani baiti 700, yaani kama meseji tano za simu ya kitochi. Mwananchi wa Sumbawanga mwenye kompyuta ya kawaida anaupakua na kuuhakiki mwenyewe. Hahitaji kumwamini waziri, wala bodi, wala mimi.

Na si bei tu. Nyaraka za zabuni zinamtaka mzabuni aonyeshe mauzo ya miaka mitatu, akaunti za benki, mikataba aliyowahi kufanya. Mfanyabiashara mdogo anamwaga matumbo yake yote mezani ili kuthibitisha sentensi moja, kwamba mauzo yake hayapungui milioni mia mbili. Kama mamlaka ya mapato ikisaini kidijitali takwimu zake, anaweza kuithibitisha sentensi hiyo moja na zilizobaki zikakaa kwake.

Sasa nifike mahali panapouma kidogo. Tumezoea kwamba uwazi ni kusoma bei zote kwa sauti. Ndivyo kanuni zinavyotaka, na Sheria ya Kenya ya 2015 ni hivyo hivyo: zabuni zinafunguliwa mbele ya wanaotaka kuhudhuria, na bei zinasomwa. Desturi hii ilikuja kwa nia njema, nami naiheshimu. Lakini mwaka 1964 mwanauchumi wa Marekani George Stigler alionyesha jambo ambalo wengi wetu hatujalitafakari: bei zinazosomwa hadharani pamoja na majina ndicho chombo kizuri kuliko vyote kwa genge la wazabuni waliopangiana. Wamekubaliana leo zamu ni ya fulani, wengine wapandishe. Watajuaje kama kuna aliyewageuka? Wanakaa kiti cha mbele, wanasikiliza serikali yenyewe ikiwasomea. Asiyetii anajulikana siku ile ile. Tukizifunga bei za walioshindwa, genge linapoteza macho yake, na mwanachama wake mwenye njaa anapata ujasiri wa kushusha bei kimya kimya.

Najua pingamizi, na ni pingamizi la haki. Kama bei za walioshindwa hazionekani, mkaguzi atazinusaje njama? Maana njama hugunduliwa kwa kulinganisha: bei zinazopanda kwa asilimia ile ile, makosa ya tahajia yanayofanana. Jibu langu ni kwamba vipande visichomwe. Vikae, na sheria iseme nani anaweza kuamuru viunganishwe. Adi Shamir alitupa njia mwaka 1979: unaweza kugawa siri kwa watu watano ili watatu wowote waifungue na wawili wasiweze kitu. Siri unaiweka kwenye mkunjo, kila mtu unampa nukta moja ya mkunjo huo. Nukta tatu zinatosha kuuchora upya mkunjo mzima. Kwa nukta mbili kuna mikunjo isiyo na idadi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akiwa na sababu, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wakiwa na jalada, watatu wanakutana na siri inafunguka. Na kanuni moja isiwe na msamaha: hakuna mwenye nukta anayeitoa kabla ombi halijabandikwa ubaoni, nani kaomba, lini, kwa zabuni ipi. Hapo gundi mbichi itaonekana na nchi nzima, haitabaki kwenye kidole cha karani mwoga.

Ubao huo uendeshwe na nani? Kwa watu ambao maslahi yao hayafanani: mamlaka ya udhibiti, ofisi ya ukaguzi, chama cha wakandarasi, chuo kikuu kimoja au viwili. Hauhitaji sarafu ya kidijitali wala mtu kubashiri bei ya sarafu hiyo. Colombia walijaribu kwa njia nyingine. Ofisi yao ya kusimamia maadili ya watumishi wa umma, Jukwaa la Uchumi Duniani na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walijenga mfano wa majaribio juu ya Ethereum, blokicheni iliyo wazi kwa yeyote, kwa ajili ya mpango wa chakula cha shuleni, na ripoti yao ikatoka 2020. Chakula cha watoto, mahali ambapo bei zilizokuzwa zinaonekana kwenye sahani. Ninauheshimu mradi ule, lakini blokicheni ya umma ina tabu yake: kila anayetuma kitu analipia ada, na malipo huacha nyayo zinazoweza kukuonyesha nani kaingia kwenye zabuni na wako wangapi. Idadi ya washindani peke yake ni habari nzito. Mzabuni akijua yuko peke yake, mnajua bei inafanya nini.

Kuna mengi hesabu hizi hazigusi, na ningekuwa mwongo nisingeyasema. Vigezo vilivyoshonwa kwa vipimo vya kampuni moja vitapita vyote salama kwenye mfumo huu, na mshindi aliyekusudiwa atashinda kihalali kihesabu. Pendekezo la kitaalamu lazima lisomwe na binadamu. Tunaweza kuondoa jina juu yake, lakini hatuwezi kuondoa mwandiko wa fikra. Saruji pungufu kwenye kalavati haionwi na blokicheni yoyote. Na wenye vipande wakiwa watoto wa mjomba mmoja, vipande vitatu ni kipande kimoja.

Kuhusu sheria, siombi ibadilishwe kesho. Ipo sehemu ambayo desturi yetu tayari inakubali siri. Kwenye zabuni za bahasha mbili, moja ya ubora na moja ya fedha, anayeanguka kwenye ubora, bahasha yake ya fedha inarudishwa haijafunguliwa. Tuanzie hapo. Hata kabla ya hapo, tuchukue zabuni ndogo iliyokwisha na mshindi wake anajulikana, tuwaombe wazabuni wake ridhaa, tuipitishe upya kwa njia ya vipande, tuone kama matokeo yanakutana. Mashine tatu, wiki chache za vijana wa chuo.

Mwaka jana nilimtafuta yule mama. Bado anashona sare, vyerehani sasa vimekuwa vinne, na zabuni za taasisi aliacha siku ile ile. Nikakaa naye kibarazani nikamchorea vikaratasi vitatu nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja. Akajumlisha mwenyewe, mara mbili, kwa kalamu yake ya chaki. Akaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. Kisha akauliza: "Cha kwanza atashika mnunuzi, cha pili atashika mkaguzi. Hiki cha tatu atashika nani?"

Nikamwambia, chama chenu cha mafundi.

Akasema, "Chama chetu hakina hata kompyuta."

Kwa hiyo, mwenyekiti, ombi langu la kwanza kwa wenye bajeti waliomo humu ni hiyo kompyuta ya chama cha mafundi. Mradi wa majaribio tuutaje baada yake. Nashukuru kwa kunisikiliza. Wale wenye zabuni ya zamani wanayoweza kututolea, nitakuwa pale kwenye meza ya chai mpaka saa kumi na moja.